Ufunguo Wenye Uzi Mwekundu

Umeme ulikatika mchana ule wa Alhamisi, mashine ya kusaga lenzi ikanyamaza, na kama isingenyamaza, pengine mambo haya yote yasingetokea.

Binti aliyekuwa ameiinamia mashine hiyo, mtaani walimwita Miwani, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuvaa miwani hata siku moja. Jina lilimganda kwa sababu ya kazi. Ukivunja lenzi, ukikalia fremu, mtoto akikutafunia mkono wa miwani, unaambiwa, "Mpelekee Miwani." Siku zote alifanya kazi katika kelele, masikio yamezibwa, asisikie hata mteja akikohoa. Leo kelele haikuwepo. Ilibaki redio ndogo ya betri ya bosi wake, ambaye kila mtu alimwita Daktari, mama wa makamo aliyepima macho ya watu kwa upole na kuwasema wakichelewa kurudi.

"Sogea usikilize," Daktari akasema, akaongeza sauti. "Kipindi cha mashairi. Kuna mmoja hupiga simu kila Alhamisi, anajiita Asiyemaliza. Huyo ananiliza, mwenzangu."

Mtangazaji akamkaribisha. Mtu akakohoa kidogo, mara moja, kama anayebisha hodi. Kisha akaanza:

*Hofu yangu si kaburi, na udongo kunizika,*
*Hilo jambo la dahari, kwa kila mja hufika,*
*Nahofia kusafiri, nia haijatimika,*
*Nisije nikaondoka, nami sijayamaliza.*

*Uzi tunduni wagoma, sindano i mkononi,*
*Jua langu lishazama, na mchana u angani,*
*Maneno yanasimama, yamenijaa kinywani,*
*Nisije nikaondoka, nami sijayamaliza.*

Fremu ikamponyoka Miwani, ikaanguka sakafuni. Kikohozi kile anakijua. Sauti ile ndiyo iliyomwambia "nakupenda" kwenye ngazi za duka hilihili, ikakohoa kwanza, ikasema baadaye. Alikuwa Funguo. Funguo wake, fundi wa kufuli, mtu ambaye Jumapili hii wazee wake wangekuja nyumbani kupokea jibu la posa.

"Maskini," Daktari akasema, anafuta macho kwa kitambaa cha kufutia lenzi. "Huyu nadhani anaumwa. Mtu mzima hatungi hivi kwa kujifurahisha."

"Anaumwa?"

"Si unasikia mwenyewe? Anaaga huyo."

Jamani, moyo wa mtu! Dakika iliyopita binti wa watu alikuwa anawaza rangi ya gauni. Sasa ameanza kuhesabu maswali. Kwa nini Funguo hakumwambia kwamba anatunga? Kwa nini kila Alhamisi alidai ana kazi ya mbali, simu haishiki vizuri? Na ile haraka yake! Mwezi usiishe hatujaoana, anasema. Kaka yake Miwani alilisema hilo tangu mwanzo, kifua mbele, mikono kiunoni: "Mwanaume anayekimbilia ndoa namna hiyo, ujue kuna kinachomkimbiza. Mimi simtaki, na ipo siku mtanikumbuka." Miwani akamcheka kaka yake. Akamwita mwenye gubu.

Sasa hakucheka. Maana nyumba yao inajua vizuri habari za mwanaume anayeficha. Baba alificha ugonjwa wake mpaka siku alipoanguka mlangoni na mkate mkononi. Mama hakumsamehe. Hadi leo akimtaja husema, "Angeniambia tu. Ningejiandaa kulia." Miwani alikua akiyasikia maneno hayo, akajiapia kwamba yeye hatazikwa akiwa hai na siri ya mtu.

Tena kulikuwa na Mama mwenyewe. Mama ambaye hununua nyanya kwa ugomvi, ambaye aliwafukuza wachumba wawili kabla ya huyu, mmoja kwa kosa la kuchezea meno mezani, Mama huyohuyo alimkubali Funguo bila swali hata moja. "Kijana mzuri. Olewa." Basi. Miwani alifurahi wakati ule. Leo akajiuliza, tangu lini Mama akawa mwepesi hivyo?

"Daktari, naomba ruhusa," akasema.

"Nenda, mwanangu. Umeme wenyewe huu hauna dalili."

*

Kibanda cha Funguo kilikuwa kimefungwa. Alimngoja mlangoni, mkoba kifuani, mpaka akamwona anakuja, simu mkononi, anatembea kama mtu mwenye raha zake. Alipomwona Miwani, uso ukamchanua. Halafu akauona uso wa mwenzake, na wake ukafungika.

"Mpenzi. Mbona huku saa hizi?"

"Umetoka wapi?"

"Kazini. Kuna kufuli moja lilikwama kule juu, mlango wa..."

"Fungua hapa."

Akafungua. Mfuko wake wa vifaa ulikuwa unaning'inia kwenye msumari, pale pale unapokaa siku zote.

"Kufuli ulilifungua kwa meno?" Miwani akauliza.

Funguo akacheka, kicheko kikakosa wa kukipokea. Akavuta kigoda, akampa. Miwani hakukaa.

"Asiyemaliza ni nani?"

Hapo ndipo alipomwona mwanaume akibadilika rangi. Mikono yake, ile ya kufungua kabati la chuma kwa kulisikiliza tu, ikaanza kupanga funguo zilizokwisha kupangwa.

"Umesikia redio," akasema.

"Nimesikia. Na Daktari amesikia, analia. Na mji mzima umesikia isipokuwa mimi ninayeolewa. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Niangalie. Unaumwa nini? Kama ni moyo sema, kama ni damu sema. Mimi sitaki kuokota mtu mlangoni, Funguo. Mama yangu aliokota."

"Mpenzi wangu, naapa. Siumwi hata jino."

"Basi kwa nini mtu mzima anakwenda redioni kuwaambia watu kwamba anaogopa kufa kabla ya kumaliza? Kumaliza nini? Kunioa?"

"Lile shairi si langu."

"Sauti ni yako!"

"Sauti ni yangu. Maneno si yangu."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu bovu, ukapita wote na makelele yake.

"Ya nani?" Miwani akauliza, polepole.

"Nimeapa sitasema."

"Ya mwanaume?"

Sasa, uzuri mmoja wa Funguo, na ubaya wake, ni kwamba kusema uongo hajui. Kukaa kimya anajua sana. Lakini ukimkaba kwa swali la ndiyo au hapana, amekwisha.

"Hapana," akasema.

"Mwanamke."

"Ndiyo."

"Unaenda kwake?"

"Ndiyo."

"Mara kwa mara?"

"Miwani, naomba uniulize yote duniani, hilo usiniulize."

"Ana mume?"

"Alikuwa naye."

Alisema kwa upole kabisa, macho chini, na upole huo ndio uliomchoma Miwani zaidi ya kofi. Aha! Kumbe ndivyo. Mwanamke asiye na mume, mwenye maneno matamu kinywani, na bwana harusi wake ndiye anayempelekea maneno redioni! Yeye akiinama juu ya mashine kutwa kucha, wenzake wanasomeana mashairi.

"Mzuri?" akauliza, sauti ikakwaruza.

"Si hivyo unavyofikiri."

"Mimi sifikiri. Nilikuwa sifikiri, ndiyo maana nimefika hapa."

Aligeuka aondoke asije akalia mbele yake. Na katika kugeuka ndipo macho yake yalipotua kwenye ukuta wa kulabu, pale zinaponing'inia funguo za wateja. Kwenye kulabu ya pembeni kabisa, peke yake, palikuwa na ufunguo mrefu wa kizamani uliofungwa uzi mwekundu kwenye kichwa chake.

Akauchukua. Akaugeuza kiganjani. Uzi ule aliujua, na fundo lake pia. Siku hizi Mama alikuwa na wazimu wa kufunga uzi mwekundu kila mahali, kwenye mpini wa birika, kwenye kopo la chumvi, kwenye mkasi. "Napendezesha nyumba," alisema alipoulizwa. Na ufunguo wa mlango wa uani ulikuwa umepotea. Mama mwenyewe alitangaza. Kaka alitafuta mpaka chini ya magodoro.

"Huu ni wa kwetu."

Funguo akainamisha kichwa.

"Unao ufunguo wa nyumba yetu. Mimi nikiwa kazini, kaka yangu akiwa kazini, wewe unao ufunguo wa nyumba yetu. Uliupataje?"

Funguo akaitazama kulabu tupu.

"Uliuiba?"

"Ukitaka kuniita mwizi, niite," Funguo akasema, na sasa macho yake yalikuwa yamelowa. "Hilo naweza kulibeba. Kiapo siwezi kukivunja."

"Kaka alisema. Nikamcheka! Nikamwita mwenye gubu, kaka yangu wa tumbo moja!" Akaufumbata ufunguo. "Jumapili usije. Waambie wazee wako wasihangaike kupiga pasi nguo."

"Miwani..."

"Usinifuate."

Hakumfuata. Alisimama tu katikati ya makufuli yake, mikono imelegea, akasema kitu kimoja: "Ukifika nyumbani, pita uani. Na tafadhali, usiingie kwa kelele."

Miwani hakutaka hata kujua maana yake.

*

Njiani alitembea upesi, na shairi likatembea naye. Si ajabu? Unamchukia mtu na maneno yake hayakutoki. *Uzi tunduni wagoma.* Funguo anajua nini kuhusu sindano? Vifungo vya mashati yake anashonewa. Basi ni mwanamke mshonaji! Ndiyo. Mshonaji asiye na mume. Akaanza kuwapitisha mmoja mmoja kichwani, yule wa magauni ya harusi pale kwenye kona, mwenye midomo ya kupakwa tangu asubuhi. Yule wa mapazia, anayecheka na kila mteja wa kiume. Hata yule bibi wa viraka, maana wanaume hawaeleweki. Aliwapitisha wote washonaji wa mtaa, akawakasirikia kwa zamu. Hasira hizo zilimfikisha nyumbani bila kuona njia, na katika hesabu yake yote hakumkumbuka mshonaji mmoja tu.

Mlango wa mbele, ule wa chumba cha cherehani, ulikuwa umerudishwa. Hiyo ndiyo ishara ya Mama kwamba hapokei wateja, anapumzika. Akazunguka uani. Aliingiza ule ufunguo wenye uzi mwekundu kwenye tundu, akauzungusha. Mlango ukafunguka bila mlio. Bawaba zilikuwa zimetiwa mafuta, na mafuta hayo aliyajua kwa harufu. Yananukia kwenye mikono ya Funguo kila siku. Kwa hiyo ni kweli huingia humu. Ni humu hasa.

Mama alikuwa ameketi kitandani, nguo ya mteja mapajani, vidole vinatembea kwenye mshono taratibu, vinaupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mezani, kwenye kipande cha sponji, zilichomekwa sindano ambazo Miwani mwenyewe alizitunga uzi asubuhi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimtungia Mama sindano, za rangi zote. "Niokolee muda, mwanangu," Mama alisema miezi mingi iliyopita, na ikawa mazoea, hakuna aliyeuliza tena.

Mama akainua uso. Akamtazama Miwani, aliyesimama mlangoni mwangani kabisa, uso kwa uso.

"Umekuja leo tena, kijana wangu?" akasema. "Afadhali. Ule ubeti wa mwisho nimeubadilisha."

Miwani akabaki ameushika ufunguo.

"Funga mlango basi, majirani wasisikie. Kaa hapo. Nimesikiliza redio, umesoma vizuri, ila pale penye 'jua langu' ulikimbia. Usikimbie. Mimi ndiye ninayekimbizwa, si wewe." Akacheka peke yake. "Dawa nimekunywa, usianze kuniuliza. Zile chungu pia. Nimezirudisha kwenye kopo la vifungo."

Kopo la vifungo lilikuwa rafuni, limefungwa uzi mwekundu. Miwani akalitazama. Akatazama birika. Akatazama mkasi. Nyumba nzima ilikuwa imewekewa alama za kupapasa mbele ya macho yake, yeye anayewatengenezea watu wa mji mzima miwani, na alidhani ni mapambo.

"Mbona kimya? Umegombana na mwanangu?"

Miwani akakaa kwenye kiti, kile ambacho bila shaka Funguo hukalia.

"Msamehe," Mama akasema. "Ana hasira za baba yake, zinapita. Lakini kiapo chako ni kilekile. Akijua, hataolewa. Nitapata wapi nguvu ya kumwambia aende? Atakaa hapa kunishika mkono, ujana wake uishie kwenye kitanda changu. Mpaka aolewe, ndipo umwambie. Haya, sikiliza. Halafu urudie, kama siku zote. Karatasi siziamini tena, siwezi kuzisahihisha. Kichwa chako ndicho ninachokiamini."

Akajiweka sawa, akaiweka nguo pembeni, akakunja mikono kama mtoto wa shule anayeitwa mbele ya darasa. Na mwanamke ambaye Miwani alimjua kwa kelele za cherehani, kwa ugomvi wa nyanya, kwa "umekula?" na "umechelewa", akatoa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia.

*Nina mwana namkinga, habari zisimfike,*
*Ndoa yake naichunga, aende zake acheke,*
*Nami beti ninatunga, jina langu litajike,*
*Nisije nikaondoka, nami sijayamaliza.*

"Rudia," Mama akasema.

Machozi yalikuwa yanamtiririka Miwani mpaka shingoni. Angeweza kutoka. Mlango uko wazi nyuma yake, Mama asingejua, Jumapili ingefika, harusi ingefungwa, siri ingebaki mahali ilipowekwa. Angeweza. Akavuta pumzi.

"Nina mwana namkinga," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "habari zisimfike..."

Mikono ya Mama ikakunjuka, ikaanguka mapajani.

"Ndoa yake naichunga, aende zake... aende zake acheke. Nami beti ninatunga, jina langu litajike." Akanyamaza. "Huo wa mwisho siusemi, Mama. Sitausema mimi."

Mama aligeuza uso ukutani, kana kwamba anaweza kujificha huko.

"Ufunguo," akasema hatimaye. "Ulikuwa ni ufunguo. Nikadhani ni yeye."

"Baba alificha. Ulimlaani, Mama. Miaka yote hii ulimlaani mbele yetu."

"Nilimlaani kwa sababu sikumwelewa. Sasa namwelewa, na bado nina hasira naye." Akapapasa ukingo wa kitanda. "Ni sukari. Imeanza na macho, haitaishia machoni, waliniambia. Mimi kufa siogopi, mwanangu. Tangu msichana natunga, kichwani, juu ya nguo za watu. Nikasema nikimaliza gauni hili nitaandika. Nikimaliza kulea nitaandika. Sasa nimemaliza kulea, mwanga umekatika. Inaniuma kwenda na mashairi yangu yote tumboni, kama sikuwahi kuwa nayo."

Miwani akaenda akapiga magoti, akakilaza kichwa mapajani pa Mama. Wakalia wote wawili, bila adabu, kama inavyotakiwa.

Mlango wa uani ukagongwa, kwa woga. Mtu akakohoa kidogo, mara moja.

"Mwache aingie," Mama akasema, anajipangusa. "Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Nimemwita mwizi."

"Astaghfirullahi!"

Funguo alikuwa amesimama uani, kofia mkononi. Alimtazama Miwani usoni, akajua kila kitu bila kuambiwa, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Ulinificha," Miwani akamwambia.

"Nilikuficha. Usiku silali."

"Nikuamini tena vipi?"

"Sijui," akasema. "Mimi kazi yangu ni kufungua tu. Hili la kufunga na kulinda lilinishinda tangu siku ya kwanza."

Miwani alitaka kukasirika bado. Alikuwa na haki yake. Lakini aliona vumbi la njia nzima kwenye viatu vya mtu ambaye aliambiwa asifuate, akafuata. Akaushika ufunguo kwa ule uzi, akauweka kiganjani mwa Funguo, akamfumba vidole.

"Wazee wako waje Jumapili. Kaka yangu nitamweleza mimi, atapiga kelele, mwache apige. Lakini mimi nina masharti. Kesho asubuhi Mama anakaa kwenye kiti cha Daktari, tujue kilichobaki cha kuokolewa. Na Alhamisi ijayo wewe hupigi simu redioni."

"Nani atapiga?" Mama akauliza kutoka ndani, ile sauti kali ya kununulia nyanya imemrudia. "Mimi? Wateja wangu wote wanisikie? Haiwezekani!"

"Wakusikie, Mama. Na hakuna cha Asiyemaliza. Utataja jina."

Walimsikia Mama akihema, akijinyoosha, akisafisha koo. Halafu, polepole, akijaribu kama mtu anayejipima gauni lililokaa sandukuni tangu usichana, akalitamka jina lake kamili, lile la kabla ya kuwa mke wa mtu na mama wa watu.

Miwani alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kutoka kinywani mwake.